Hiari ya Mpendwa: Usawiri wa Mapenzi katika Michezo ya Kompyuta

Fasihi simulizi humtofautisha fanani na hadhira yake, ingawa hadhira hiyo huweza kuitikia, kuuliza na hata kushiriki utendaji. Michezo ya kompyuta ya kuvaa uhusika huisogeza mipaka hiyo mbele zaidi. Mchezaji hupokea hadithi na papo hapo huwa mhusika mkuu anayeamua aseme nini na aandamane na nani. Hadithi inapogusia mapenzi, swali la kihakiki huzuka: ikiwa mchezaji ndiye mwamuzi, mpendwa wake anabakiwa na nini?

Swali hili linabainika vyema katika Dragon Age: Origins, mchezo uliotolewa na kampuni ya BioWare ya Kanada mwaka 2009. Kila msafiri mwenza ana kipimo cha ridhaa kianziacho -100 hadi 100. Maneno na matendo ya mchezaji hukipandisha au kukishusha. Zawadi nazo hukipandisha. Athari ya utaratibu huu kisanaa ni bayana. Mchezaji hujifunza upesi kusema si lile analoliamini bali lile litakalompa alama, na kutoa zawadi kama alipaye bei. Huo si uchumba bali ni biashara, na mpendwa huishia kuwa mhusika bapa, mithili ya kufuli lingojalo ufunguo.

Yamkini mtetezi atadai kwamba pasipo kipimo hapana mchezo, kwani mashine haina moyo, ina hesabu tu. Dai hili lina uzito, ila halitoshi. Riwaya nayo haina moyo. Ina maneno tu. Kinachompa mhusika uhai ni msimamo wake, yaani jambo asilolikubali hata apendwe vipi.

Msimamo huo umo katika mchezo uo huo. Loghain aliwaondoa askari wake vitani Ostagar, na Duncan, aliyekuwa kama baba kwa Alistair, akafa. Mchezaji akiamua baadaye kuyanusuru maisha ya Loghain na kumwingiza katika kundi la Grey Wardens, Alistair humwacha, ajapokuwa mpenzi wake na kipimo kimefika 100. Morrigan pia huenda zake, apendwe asipendwe. Hesabu inaposhindwa ndipo wahusika hawa wanapopata utu, na uchungu wa kuachwa ndio ushahidi wake.

Planescape: Torment (1999) ulikuwa umekwisha kulizamia suala hili kwa njia nyingine. Deionarra ni mzuka wa mwanamke aliyempenda mhusika mkuu, naye, katika mojawapo ya maisha yake yaliyopita, akalitumia penzi hilo kwa manufaa yake. Mchezaji hakulichagua kosa hilo, wala mhusika wake halikumbuki, lakini analirithi. Hapa penzi si tuzo ya ustadi wa kuchagua maneno, bali ni deni.

Hivyo basi, tatizo la mapenzi katika michezo hii si kuwapo kwake, wala si uchache wa wapenzi wa kuchagua. Tatizo ni kumnyima mpendwa hiari. Mtunzi anayetaka "ndiyo" ya mhusika wake iwe na maana hana budi kumwandikia kwanza "la" ambayo hakuna zawadi iwezayo kuifuta.