Shukrani kwa Tabibu wa Meno

Sisi wakazi wa Kamina, mji wa Haut-Lomami ambapo reli itokayo Lubumbashi hugawanyika, moja ikishika njia ya Ilebo na nyingine ya Kabalo, twafahamu vyema kwamba taruma moja likilegea, gari moshi zima huwa hatarini. Ndivyo ulivyo mwili wa aliyerithi maradhi ya mifupa myepesi kuvunjika: kasoro ya kolajeni, protini iufumayo mfupa, huweza kuudhoofisha hata moyo wa jino, likageuka rangi kuwa kijivu au kaharabu, na gamba lake gumu, kwa kukosa msingi, likabanduka, hata jino likalika mpaka kwenye ufizi.

Basi nawapongeza kwa dhati matabibu wa meno waijuao siri hii, ambao hawamlaumu mama kana kwamba mswaki ulisahauliwa; ambao hulivika gego la mtoto kofia ya chuma kabla halijasagika; ambao, walazimikapo kung'oa, huikinga taya kwa kiganja isije ikavunjika, na kwanza huuliza kama mgonjwa amepewa bisfosfoneti, dawa za kuimarisha mifupa, kwani kwa nadra hizo huchelewesha taya kupona.

Hunari yao haina vishindo wala fahari, lakini mtoto awezaye kutafuna chakula chake na kucheka mbele ya wenziwe bila haya ni ushahidi tosha wa fadhila yao.