'My wife and I': Adabu inapovuruga sarufi

KATIKA harusi, mazishi na harambee, aghalabu utamsikia msemaji akishika kipaza sauti na kusema: 'Thank you for inviting my wife and I.' Makofi hupigwa. Kwa sikio la wengi, hicho ndicho Kiingereza cha msomi. Kumbe msemaji amekosea. Alipaswa kusema 'my wife and me'.

Huenda msomaji akauliza viwakilishi vya Kiingereza vinaihusu nini safu ya Kiswahili. Vinaihusu kwa sababu lugha hizi mbili tunazizungumza kwa ulimi mmoja, na Kiswahili chenyewe kinaweza kutusaidia kulitambua kosa hili.

Chanzo chake ni darasani. Mtoto husema, 'Me and Otieno went to the river.' Mwalimu humkaripia: sema 'Otieno and I', jitaje mwisho! Hapo mwalimu amesahihisha mambo mawili kwa pamoja bila kuyatenganisha. Moja ni la kisarufi: kiwakilishi kinapokuwa kiima huwa 'I', si 'me'. La pili ni la adabu tu ya Waingereza. Kwetu, 'mimi na Otieno tulienda mtoni' haimvunjii yeyote heshima. Basi mtoto huondoka akiamini kwamba 'me' ni utovu wa adabu, na kwamba alikwepe kila linapoandamana na jina la mtu mwingine. Akishakuwa mtu mzima anatuletea 'between you and I'.

Dawa ni rahisi: mwondoe mwenzako katika sentensi. Hakuna anayesema 'Thank you for inviting I.' Kumwongeza mke hakubadilishi kitu. Ila 'between' huhitaji watu wawili, kwa hivyo hapo weka wingi: tunasema 'between us', hatusemi 'between we'. Ikiwa ni 'us', basi ni 'you and me'.

Sasa tazama Kiswahili. 'Yeye' halibadiliki, liwe kiima au yambwa, lakini kitenzi hutoboa siri: 'yeye alialika', 'walimwalika yeye'. Anayesita kati ya 'They invited Mary and he' na 'They invited Mary and him' ajiulize angesemaje kwa Kiswahili kumhusu huyo wa pili peke yake. Angesema 'walimwalika'. Yuko upande wa yambwa, kwa hivyo ni 'him'. Nafsi ya kwanza, kwa bahati mbaya, haitoi msaada wa aina hiyo, maana 'ni' ni ile ile katika 'nilialika' na 'walinialika'.

Wengine wanaolihofu 'me' hukimbilia 'myself': 'Contact the secretary or myself.' Umbo hili la Kiingereza hufanya kazi mbili ambazo Kiswahili hutenganisha: 'ji' ya 'nilijikata' na 'mwenyewe' wa 'nilimwona mimi mwenyewe'. Katika tangazo hilo hakuna aliyejitendea jambo, wala hakuna kinachosisitizwa. Ni neno refu tu limewekwa pale kwa sababu linaonekana zito.

Wapo watakaonikumbusha kwamba Shakespeare, katika tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina Mabepari wa Venisi, alimfanya Antonio atumie 'I' baada ya 'between' katika barua yake kwa Bassanio. Ni kweli. Kanuni hizi zilikuwa hazijakazwa enzi zake. Hata hivyo, mtahini wa leo hasahihishi karatasi ya Shakespeare.

Kinachoniudhi zaidi ni upendeleo wetu. Mwanafunzi akisema 'My mother, he is sick', darasa zima huangua kicheko, na pengine mwalimu naye. Ilhali kosa hilo lina asili inayoeleweka. 'Yeye' habagui mume na mke, na lugha nyingine za Kibantu anazozisikia mtoto nyumbani ni vivyo hivyo. Anajifunza kutenganisha kitu ambacho lugha yake haijawahi kumdai akitenganishe, na atahitaji muda. Bwana wa kipaza sauti hakusukumwa na lugha ya mama yeyote. 'Me' alikuwa nalo tangu utotoni, tena mahali pake, akalitupa ili aonekane msomi. Na huyo ndiye tunayempigia makofi.