Usawiri wa Ned Christie: Jambazi kwa Kauli ya Nani?

Kosa moja hujirudia katika majibu ya watahiniwa kuhusu sifa za wahusika. Mtahiniwa akiona msimulizi amemwita mhusika jambazi, huandika "ni jambazi", akataja ukurasa, akasonga mbele. Hajiulizi ni nani aliyelitamka neno hilo, wala kwa haja gani. Tulipime kosa hili kwa Ned Christie, Mcherokee wa karne ya 19 aliyesimuliwa sana na maadui zake.

Christie alizaliwa mwaka wa 1852. Alikuwa mhunzi, fundi wa bunduki na mjumbe wa Baraza la Taifa la Wacherokee huko Tahlequah, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Oklahoma. Mei 1887 afisa wa usalama wa serikali ya Marekani, Dan Maples, aliuawa kwa risasi karibu na mji huo, Christie akashukiwa. Wacherokee walikuwa na mahakama zao, lakini kwa kuwa marehemu alikuwa raia wa Marekani, kesi iliangukia mahakama ya Jaji Isaac Parker, Fort Smith, Arkansas. Christie hakwenda. Alijihami nyumbani kwake miaka mitano, hadi tarehe 3 Novemba 1892 kikosi kilipoilipua ngome yake ya magogo kwa baruti, baada ya mzinga kushindwa, kikamwua. Maiti yake ilifungwa kwenye ubao, ikasimamishwa na kupigwa picha.

Picha hiyo nayo ni msimulizi, tena msimulizi asiyeulizwa maswali. (Mwalimu wa Kenya atakumbuka ile ya Dedan Kimathi amelazwa na pingu mikononi mwaka wa 1956.) Magazeti yalimbebesha Christie uhalifu mwingine mwingi, ilhali hakuwahi kusimama kizimbani kujibu shtaka la kumwua Maples. Miaka mingi baada ya kifo chake, ulitolewa ushahidi wa mtu aliyedai kumwona mwingine akimpiga Maples risasi.

Hapa baadhi yetu huteleza upande wa pili: tunafuta "jambazi", tunaandika "shujaa", tunadhani tumetenda haki. Riwaya ya Robert J. Conley ya 1990, na ile ya Larry McMurtry na Diana Ossana ya 1997, zina utamu wake. Hata hivyo, kwa darasa la uhakiki ningechagua utafiti wa Devon Mihesuah wa 2018, ambao katika jina lake tu unataja kuumbwa kwa mhalifu na shujaa. Kuumbwa! Neno hilo lingewafaa sana watahiniwa wetu.

Anayemtetea Christie asikwepe kwamba aliwafyatulia maafisa risasi na kuwajeruhi. Anayemshtaki naye asikwepe kwamba mwaka wa 1889 nyumba yake ilichomwa, naye akapigwa risasi usoni, kwa kosa ambalo halikuthibitishwa.

Mtahiniwa aandike hivi: "Msimulizi anamwita jambazi, matendo yake katika kisa yanaonyesha mtu mkaidi, jasiri na asiyeiamini mahakama ya wageni." Aongeze anayefaidika na jina hilo. Jibu la namna hii nimewahi kuliona likinyimwa alama kwa sababu tu halikuwa katika mwongozo wa kusahihisha.