Mind Your Language: Tunacheka Pamoja au Tunachekana?

Kipindi cha Mind Your Language kina umri mkubwa kuliko karibu kila kijana anayekiangalia hapa Nakivale. Kilianza kuonyeshwa Uingereza mwisho wa 1977 kwenye televisheni ya LWT ya London, kikaenda misimu mitatu, vipande 29, mpaka 1979. Leo kinatembea kwenye memori kadi, simu hadi simu, na vijana wanaosoma Kiingereza jioni wanakijua kuliko kitabu cha sarufi. Ukiwauliza kwa nini, jibu ni moja: "Kinachekesha, na tunajifunza." Mimi nafanya kazi na vijana hao, na jibu lao nataka tulipime. Kuchekesha, kinachekesha, hapo hatubishani. Swali ni kinatufundisha nini.

Kwa asiyekijua: mwalimu Jeremy Brown, anayeigizwa na Barry Evans, anafundisha Kiingereza darasa la jioni London. Wanafunzi wa mwanzo ni kumi: Giovanni Mwitaliano, Anna Mjerumani, Danielle Mfaransa, Juan Mhispania, Max Mgiriki, Taro Mjapani, Su-Lee Mchina, Ali wa Pakistani, Ranjeet ambaye ni Msikh, na Jamila wa India. Kutoka Afrika hakuna hata mmoja. Lakini tunajiona pale. Ni watu wazima, wenye kazi na akili zao, ila wakifungua mdomo kwa lugha ya wageni wanageuka watoto. Baba aliyekuwa anafundisha hesabu Uvira, halafu leo anakaa benchi moja na mtoto wake kujifunza "I am, you are", hahitaji kuelezwa hiyo hali.

Nianze na sifa zake. Vichekesho vizuri vya kipindi hiki vinatoka ndani ya maneno yenyewe. Ali anataka kusema "excuse me", anasema "squeeze me". Moja ni samahani, jingine ni nibane. Ukishacheka hapo, hutachanganya tena hayo maneno mawili, na mwalimu hakuhitaji ubao. Kicheko kinashika neno kama vile wimbo unavyolishika. Tena kinatuonyesha kwamba kila lugha ina vituko vyake. Na sisi je? Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga magoti. Mgeni akisikia, si atauliza hivi vitu vyote vimekosa nini mpaka vipigwe kila siku?

Sifa ya pili ni mwalimu Brown mwenyewe. Anachoka, anashika kichwa, lakini anarudia. Hamfukuzi mtu kwa kukosea. Mkuu wa shule, Miss Courtney, ana dharau ya wazi, na kipindi kinatuacha tuone kwamba dharau yake haifundishi mtu chochote.

Sasa upande wa pili. Ukiangalia vipande vitano mfululizo, utaona kuna kicheko cha aina nyingine, na ndicho kinachorudi zaidi. Hapo neno halichekeshi, taifa la mtu ndilo linachekesha. Ali na Ranjeet wanatukanana kwa dini zao karibu kila wakikaa pamoja. Su-Lee na Taro vilevile, Uchina na Ujapani. Danielle amewekwa zaidi ili atazamwe. Mtu akiingia darasani, bendera yake imeshamaliza kusema kila kitu, hana nafasi ya kutushangaza. Hata Uingereza kwenyewe jambo hili lilionekana: 1979 Michael Grade, mmoja wa wakuu wa LWT, alikisimamisha kipindi kwa sababu aliona kinakera kwa jinsi kinavyochora mataifa ya watu. Pamoja na hayo kiliuzwa nchi nyingi, mpaka zile ambazo watu wao ndio wanachekwa.

Wengine wataniambia: "Acha bwana, ni utani tu." Sawa, tuongee utani basi, maana neno hilo ni letu na lina sheria zake. Waliopita kambi za Tanzania wanajua. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, na leo ni watani. Mhehe anamwambia Mngoni maneno ambayo kwa mtu mwingine yangeleta ngumi, na kwenye msiba wanataniana hadharani. Lakini utani unakwenda na kurudi. Anayetania naye anataniwa, tena siku ya shida mtani ndiye anayekuja kusaidia. Pima darasa la London kwa sheria hiyo. Nani anamtania mwalimu Brown kwamba yeye hajui hata kusalimia kwa Kipunjabi? Kicheko kinashuka upande mmoja tu, kutoka kwa wenye lugha kwenda kwa wasio nayo. Sisi tulikotoka tulishaona utani usiorudi, unaoanza na jina la kabila na kuishia pabaya. Kijana akianza kumwita mwenzake Mrundi, Msomali au Mnyamulenge kwa sauti ya Ali na Ranjeet, nami nimesikia wanavyofanya, msimwambie kwamba anajifunza Kiingereza.

Kuna hasara nyingine, na hii nawaomba sana ndugu zetu wa mashirika waisome pole pole. Wengi wetu tuliotoka Kongo na Burundi tulisoma kwa Kifaransa. Maneno ya Kifaransa na Kiingereza yanafanana sura, tabia hapana. "Demander" ya Kifaransa ni kuomba au kuuliza. "Demand" ya Kiingereza ni kudai kwa nguvu. "Assister à" ni kuhudhuria, "assist" ni kusaidia. "Pain" ya Kifaransa ni mkate, ya Kiingereza ni maumivu. Chukua mama anayefika mezani kwa afisa, amejikaza asitumie mkalimani, anasema "I demand help." Moyoni ameomba kwa heshima. Afisa amesikia mtu mkali. Au anaeleza alivyokuwa kwenye mkutano kijijini, anasema "I assisted the meeting," na kwenye karatasi inaandikwa kwamba alisaidia kuuandaa. Hapo kosa la neno moja halichekeshi tena, limeingia kwenye faili la mtu.

Sasa kama mama huyo alichekwa darasani wiki iliyopita, atafanya nini? Atanyamaza. Atasema "yes" kwa kila swali, maana "yes" haichekwi. Ndiyo maana nasema suala la nani anachekwa ni kubwa kuliko burudani. Kumbe vichekesho vya Danielle vingeweza kutufaa sana, maana makosa ya Kifaransa ndiyo yetu! Waandishi wa kipindi walikuwa na hazina hiyo mkononi, lakini kila mara walikimbilia uzuri wake.

Je, kuna vichekesho vinavyofanya vizuri zaidi? Vipo karibu. Anne Kansiime, Mganda wa huku magharibi, Kabale, anaigiza kwa Kiingereza chenye lafudhi ya kwao, wala haombi radhi. Lafudhi inakuwepo, lakini hatumcheki kwa ajili yake. Tunacheka ukaidi wake, majibu yake, na yule anayedhani atamshinda kwa maneno. Kijana wetu akimwangalia anapata maneno, halafu anapata kitu kingine ambacho London haimpi: kwamba mtu anaweza kuwa na sauti ya nyumbani na bado akamaliza hoja.

Vivyo hivyo Kiingereza cha mtaani hapa Uganda, ambacho Bernard Sabiiti alikikusanyia kamusi yake, Uglish, 2014. Hapa mtu hajakuona siku nyingi anakuambia "You are lost." Anataka usogee, anasema "You extend." Chenji ni "balance". Huyo Kansiime na huyo muuza nyanya ni walimu, tena bila ada. Kazi yetu ni kuwaambia vijana wazi: "You extend" kwenye taksi ni sawa, kwenye mtihani andika "Move over, please." Mtu mwenye yote mawili hachekwi popote.

Sisemi tuifute Mind Your Language kwenye simu. Nasema tuiangalie kwa kidole kwenye kitufe cha kusimamisha. Kichekesho cha neno kikija, simamisha, andika maneno yote mawili, cheka tena. Kichekesho cha taifa kikija, simamisha pia, uliza darasa: huyu angekuwa wewe, ungejibu nini kwa Kiingereza? Vijana wakianza kumjibia Ali, wataongea sana. Na ndugu wa mashirika, mkisikia "I demand", ulizeni kwanza kama mtu anaomba au anadai, kabla kalamu haijagusa karatasi.