Kilo 58 za Shilingi

Kuhakiki riwaya au diwani ni jambo lililozoeleka, na hakuna anayemwuliza mhakiki kwa nini anajishughulisha. Lakini mtu akisema anahakiki sanduku la sarafu, wasikilizaji hutazamana. Mimi naona sanduku la sarafu lina mwandishi wake kama kitabu kilivyo na wake. Kuna mtu aliyechagua hiki akaacha kile, akapanga, akarudia rudia, akachoka, akaanza upya. Ukilichungulia kwa makini utaiona akili yake, na pia utaona ni wapi akili hiyo ilisinzia.

Sanduku ninalolizungumzia ni la bati, la kijani, la aina tuliyokwenda nayo shule za bweni. Mwenyewe alikuwa karani wa reli, rafiki yangu tuliyeitana ndugu, na sasa ni marehemu. Mjane wake ameamua kuiacha nyumba ya kupanga na kuhamia kwa binti yake Morogoro. Macho yake yana mtoto wa jicho, yanahitaji upasuaji, na chumba anachokwenda kukaa hakina nafasi ya sanduku lisiloinuliwa na mtu mmoja. “Shemeji,” aliniambia, “wewe ndiwe uliyekuwa ukizitazama pamoja naye. Niambie zina maana gani, ili nijue la kufanya.” Kijana wake aliye ng'ambo naye alipiga simu: “Baba mdogo, msiuze. Huo ni urithi.” Basi nikalipima sanduku kwa mizani ya muuza mkaa. Sarafu peke yake zilikuwa kilo 58, na kwa hesabu yangu ni kama 9,000.

Nianze na dai ambalo kila mwenye dumu la sarafu hulitoa, kwamba zitapanda bei. Msomaji ajue kwamba sarafu za kisasa hupigwa kwa mamilioni, na kinachofanya kitu kiwe ghali ni uchache wake pamoja na watu wanaokitaka. Uzee peke yake hautoshi. Mfano mzuri ni ndururu na senti kumi za Afrika Mashariki za mwaka 1936, zile zenye tundu katikati, zilizopigwa kwa jina la Mfalme Edward wa Nane. Mfalme huyo alijiuzulu mwaka huo huo, na kwao Uingereza sarafu zake hazikuwahi kuingia mikononi mwa watu. Huku kwetu ziliingia, kwa sababu penye tundu hapawekwi sura, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kungoja picha ya mfalme. Kisa ni kitamu, na wengi wakikisikia hudhani wamekalia dhahabu. Lakini zilipigwa nyingi mno, na hata leo hupatikana kwa bei ya soda. Marehemu alikuwa nazo 60.

Kama hali ndiyo hiyo kwa mfalme aliyejiuzulu, itakuwaje kwa shilingi yetu ya kawaida? Sandukuni mna shilingi moja moja 5,000 na ushei. Benki Kuu yetu ilipoanza kazi mwaka 1966, dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti kidogo, kwa hiyo shilingi 5,000 zilikuwa kama dola 700, fedha ya kuanzia maisha. Mwaka 2024 dola moja ilipita shilingi 2,500. Rundo lile lile, lenye uzito ule ule, likawa dola mbili. Hakuna wizi wa usiku uliowahi kumnyang'anya mtu kiasi hicho bila kugusa kufuli.

Hata hivyo, mhakiki asiyetazama ila bei ni dalali tu. Tuzitazame sarafu zenyewe kama kazi za mikono. Seti ya kwanza ya mwaka 1966 ni nzuri, na nathubutu kusema haijapata mshindani katika zote zilizofuata. Upande mmoja kuna Mwalimu Nyerere. Upande wa pili ndururu ina sulisuli, senti 20 ina mbuni, thumuni ina sungura, na shilingi ina mkono ulioshika mwenge. Angalieni uchaguzi huo. Simba hayumo, wala ndovu. Wanyama wakubwa wameachwa nje, na sungura, mjanja wa hadithi za bibi zetu, amepewa thumuni. Mwenge unakumbusha ule uliowashwa juu ya Kilimanjaro mwaka 1961, lakini mkono ulioushika ni mkono tu, hauna jina wala cheo. Na maneno ni ya Kiswahili bila kuomba radhi kwa mtu. Kenya nao walianza mwaka huo wa 1966, wakaandika sarafu zao kwa Kiingereza. Ukiziweka mbili hizo pamoja kiganjani utaelewa mengi kuhusu njia mbili zilizochaguliwa.

Baadaye seti iliongezwa. Ikaja shilingi 5 yenye pembe kumi na mazao ya shambani, ile tuliyoiita dala, ambayo jina lake limebaki katika daladala zetu ingawa sarafu yenyewe haipo tena kwa kondakta. Mwaka 1977 ikaja senti 10 yenye punda milia, ukingo wake umekatwa kama ua. Hizo bado zina mchezo ndani yake. Kuanzia mwaka 1987, alipoingia Rais Mwinyi kwenye sarafu, mambo yalibadilika. Shilingi mpya ilikuwa chuma kilichovikwa nikeli. Chukua sumaku ya redio mbovu uijaribu: shilingi ya 1966 haijali, ya 1987 inarukia. Sisemi kwamba serikali ilikosea, maana nchi ilikuwa taabani kwa uchumi na hakuna sababu ya kutengeneza chenji kwa madini ghali kuliko chenji yenyewe. Nasema tu kwamba mkono huhisi. Wanyama wakubwa nao wakaanza kurudi kadiri tarakimu zilivyopanda: ndovu katika 20 ya mwaka 1990, kisha swala katika 100, faru katika 50, simba katika 200 pamoja na Karume. Mwaka 2014 nyati akaingia katika 500, akaifanya jero kuwa sarafu badala ya noti iliyokuwa ikichakaa upesi. Kwa jicho langu ni kazi safi, lakini ni kazi ya kitabu cha watalii. Wakenya, ambao Katiba yao ya mwaka 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kwenye fedha, walitoa mwaka 2018 twiga, faru, simba na ndovu bila rais hata mmoja. Hao wanyama wangeweza kubadilishana nchi na sisi, na mtu asijue.

Sasa nirudi kwa mwandishi wa sanduku. Ndani mna bahasha ndogo za khaki, za mishahara, na katika kila moja mna sarafu moja na kikaratasi kilichoandikwa kwa mwandiko wa karani. “Saranda stesheni, Machi 1974, chenji ya kuku.” “Tabora, Januari 1979, nimepewa na askari anayekwenda mbele.” Hiyo ilikuwa vita ya Kagera. “Itigi, Novemba 1981. Sabuni hakuna. Sukari hakuna. Chenji ipo.” Nilikaa na bahasha hizo siku tatu. Ziko 412, na zote pamoja hazifiki kilo tatu. Sarafu zilizomo nyingi ni mbovu, zimesuguka mpaka Mwalimu amebaki kivuli. Mnunuzi wa sarafu angezitupa za kwanza, na kwa kipimo chake angekuwa na haki. Mimi naziita kitabu. Sijasoma maelezo ya miaka hiyo ya Reli ya Kati yaliyo mafupi na ya kweli kuliko hayo.

Bahasha ya mwisho ni ya mwaka 1987. Baada yake hakuna maneno. Kuna mabunda ya shilingi mpya aliyoyachukua benki, hayajafunguliwa, na makopo ya maziwa yaliyojaa 5, 10 na 20 bila utaratibu. Kilo 50 na zaidi za sanduku ni za miaka hiyo ya kimya. Nadhani naelewa. Sarafu ilipokuwa na nguvu, kila moja ilikuja na mtu na mahali. Ilipoishiwa nguvu zilianza kuja kwa vigunia, na mtu hawezi kumwandikia kila mmoja katika umati. Lakini mhakiki hana ruhusa ya kusamehe sura mbaya kwa sababu tu ameelewa mwandishi alikuwa na huzuni. Nusu ya pili ya kazi hii ni akiba, tena akiba ya kitu kilichokuwa kikiyeyuka, na kuitunza kwa heshima sawa na nusu ya kwanza ni kuidhulumu hiyo ya kwanza.

Kuna kasoro mbili nyingine ninazozitaja kwa faida ya wenye makusanyo kama hayo. Sarafu kadhaa zimesuguliwa kwa limao na jivu mpaka zikang'aa. Mng'ao huo ni ngozi iliyochunwa, na anayejua hatazigusa. Nyingine ziliwekwa katika mifuko laini ya plastiki, na plastiki ikatoa jasho la kijani likazila. Karatasi kavu ingetosha.

Vilivyo na bei ya kweli sandukuni ni vichache, na vyote vinaweza kushikwa kwa mkono mmoja. Kuna shilingi 48 za Afrika Mashariki zilizopigwa kati ya 1921 na 1946, zenye simba na milima. Zile zina robo ya fedha halisi, na 16 kati yake hutoa wakia moja, kwa hiyo ni wakia tatu. Baada ya hapo, tangu 1948, sura ya simba ni ile ile lakini fedha haimo, na wengi huuziwa hizo kwa bei ya zile. Pia kuna jozi ya mwaka 1974, twiga wa shilingi 25 na faru wa shilingi 50, za fedha, katika kiboksi chake. Zilitolewa kwa ajili ya hifadhi ya wanyama, pamoja na duma wa dhahabu wa shilingi 1,500 ambaye hapa hayumo. Hazikuwahi kununua mchele Kariakoo. Zilitengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji wa ng'ambo, na kwangu si vibaya zikirudi huko huko.

Kijana alipiga simu tena. “Baba mdogo, mkishauza hazirudi.” Ni kweli, na hoja hiyo nzito kuliko ile ya bei. Urithi ukigawanywa hauunganiki tena. Lakini nilimwuliza kama yuko tayari kulipa nauli ya kilo 58 mpaka alipo yeye, au kuja kuzichukua. Akasema kwake hapana nafasi. Basi alichokitaka ni urithi ukae katika chumba cha mama yake, chini ya kitanda chake, na yeye aukumbuke kwa mbali. Wapo wengi wanaopenda makumbusho kwa namna hiyo, na walinzi wa makumbusho hayo daima ni akina mama.

Ushauri wangu kwa shemeji ulikuwa huu. Fedha ya zamani na jozi ya twiga na faru ziuzwe, na ziuzwe zikiwa zimepimwa mbele yake, si kwa kukadiria kwa macho, kwani macho yake ndiyo yanayohusika. Hazitalipa upasuaji wote, lakini zitalipa sehemu kubwa. Zile za 50, 100, 200 na 500 zitumike dukani, maana bado ni pesa. Zitolewe sasa, asije akafanana na wale waliokuwa wameficha noti za zamani magodoroni. Noti zile za kati ya 1985 na 2003 zilipewa miezi mitatu tu ya kubadilishwa, kuanzia Januari 6 mpaka Aprili 5, 2025, na waliochelewa wakabaki na karatasi. Kwa ajili ya yule kijana nilitenga seti moja safi, sarafu moja ya kila aina tangu 1966, katika karatasi kavu. Inaingia katika mfuko wa shati, na akija likizo ataikuta.

Bahasha 412 hazikuwa na mjadala. Zimetoshea katika bati moja la biskuti, na shemeji alilibeba mwenyewe mapajani ndani ya basi. Alisema mjukuu atamsomea vikaratasi mpaka hapo macho yatakapopona, kisha atavisoma mwenyewe.

Zikabaki kama kilo 50. Mwuza vinyago mmoja wa mjini alikuwa radhi kuzichukua kwa kilo, azitengenezee shanga na vishikio vya funguo vya watalii. Bei yake ilikuwa ndogo, nikamwambia shemeji akubali, ila sanduku asimpe. Bati lake bado ni zima, na Morogoro atahitaji mahali pa kuwekea mashuka.