Heko kwa Wanaoanza kwa Kunakili

Mchoraji wa vibao wa Butembo au Beni, mashariki mwa Kongo, hana haja ya kuomba radhi kwa kunakili. Familia ikitaka sura kubwa ya marehemu babu kutoka picha ndogo ya kitambulisho, fundi huigawa picha kwa miraba, huigawa turubai vivyo hivyo kwa miraba mikubwa, kisha huuhamisha uso kipande kwa kipande. Anayejifunza hivyo hugundua mapema kwamba macho hukaa katikati ya kichwa, si juu karibu na nywele, na kwamba ngozi nyeusi haipatikani kwa rangi nyeusi: inataka kahawia, wekundu kidogo, na buluu pale mwanga unapoangukia paji.

Kazi hii ina ukoo. Huko Katanga, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa 1947, alimchora Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, tena na tena. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha zaidi ya 100 za historia ya nchi, akizieleza kwa Kiswahili. Uso wa Lumumba ni mwalimu mzuri, kusema kweli: miwani humpa mwanafunzi kipimo cha upana, na ndevu zile fupi humwonyesha kidevu kilipo.

Wanaodai kunakili ni wizi hawajajaribu kunakili mdomo. Mstari ukipotoka kidogo tu, mteja anasema, "Huyu si baba." Hongera kwa fundi asiyebishana, anayechukua tena brashi na kuurudia mdomo ule hadi familia imtambue mzee wao.