Mashua ya Rangi ya Nyasi Kavu

Kazi ya kuipaka mashua ya kuwindia bata katika vinamasi vya Louisiana, Marekani, huanza kwa sabuni na msasa. Alumini ya mashua haishiki rangi kirahisi, na alama ya kidole chenye mafuta yatosha kuifanya ibanduke. Fundi mzuri husugua mpaka mng'aro wote uishe, kisha hupaka rangi ya msingi na kuiacha ikauke.

Ninachokipenda zaidi ni anavyochagua rangi. Mtu akisikia kinamasi hufikiria kijani. Ila msimu wa bata ni wa majira ya baridi, na nyasi wakati huo zimekauka, zimekuwa kaki na kahawia. Basi fundi hukata fungu la nyasi palepale atakapowinda, hulilaza juu ya bamba, hulitazama juani na kivulini, ndipo achague makopo yake.

Rangi nyepesi hutangulia. Juu yake hupanga mabua na kupuliza iliyokolea kidogo. Akiyaondoa, umbo la bua limebaki. Huyasogeza, hupuliza tena iliyokolea zaidi. Mabua mengine huonekana yako mbele, mengine yakizama nyuma yake, na bamba bapa linapata kina.

Wengi hujaza vijani vidogo vidogo kila mahali. Kwa karibu vinapendeza, lakini kwa mbali vinaungana kuwa doa moja jeusi lenye umbo la mashua. Fundi aliyekomaa huacha mabaka makubwa na kupitisha michirizi ya wima hadi juu ya ukingo, ili mstari wake mrefu ukatike. Hupaka hata sakafu na kifuniko cha injini, maana bata hutazama kutoka juu, kwa jicho lenye vipokezi vya rangi vya aina nne; sisi tunavyo vya aina tatu. Rangi inayong'aa haigusi kabisa.

Jicho hili la kuigiza maumbile ni la kale. Mwaka 1924, katika pango la Lovelock, Nevada, yalichimbuliwa mabata bandia 11 ya matete, ya miaka kama 2000 iliyopita, mengine yakiwa yamepakwa rangi na kuvishwa manyoya.

Siku hizi zipo plastiki za kubandika zilizochapwa picha za nyasi, kali kuliko mkono wowote. Hata hivyo picha ileile hubandikwa Louisiana na Minnesota, na mimi naiheshimu zaidi mashua iliyopakwa kwa mkono: ikichubuliwa na matete, mwenyewe huipuliza upya kwa rangi ya nyasi za mwaka huo.